Vitabu vya Namba Nne

Mama Gundi alijalidi vitabu miaka thelathini na minne kwenye meza ile ile, na aliyemng'oa pale ni mimi. Nalisema hili mwanzoni ili asitokee mtu wa kunitetea katikati ya habari. Pale kazini waliniita Wembe, na jina hilo sikulikataa.

Kiwanda chenyewe ni cha uchapaji, kidogo, nyuma ya duka la viatu. Mashine ziko chumba kimoja, sisi wa kujalidi tuko cha pili, na katikati kuna mlango usiofunga vizuri, kwa hiyo kelele za mashine tunazila kutwa nzima. Chumbani kwetu kuna meza mbili ndefu, rafu mpaka darini, jiko la umeme la kuyeyushia gundi na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Meza ya dirishani ilikuwa yake. Ya mlangoni, penye makelele, ilikuwa yangu.

Jina alilipata kwa tabia yake ya kuonja gundi. Alikuwa anachovya ncha ya kidole, anagusa ulimi, anasema "bado" au "tayari", na hakuwahi kukosea. Wageni walidhani ana kasoro kichwani. Aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na tisa, bibi harusi wa miezi minne. Mwaka wa pili mume akaaga kwenda kutafuta maisha, na nadhani mpaka leo bado anayatafuta. Akabaki na binti mmoja, akamsomesha kwa sindano na uzi, binti akaolewa mbali, akawa anapiga simu mara moja kwa mwezi, anauliza hali, anakata kabla hajajibiwa vizuri. Mama Gundi hakuwa na makuu. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga, redio, na ile meza. Hata chakula cha mchana alikula amesimama, mkono mmoja umeshika kijiko, wa pili unapapasa mgongo wa kitabu kuona kama gundi imeshika.

Kazi alinifundisha yeye, na hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Mtu akikufundisha kwa upole unampenda. Akikufundisha kwa upole na miaka kumi baadaye bado anakushinda, mapenzi yanaanza kuchacha. Kila kitabu kibaya kilichotoka mkononi mwangu alikichukua kimyakimya, akakifumua, akakishona upya, akakirudisha mezani kwangu bila neno. Angenitukana ningepumua.

Macho yake yalianza kuondoka miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia. Niligundua peke yangu. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano kwa ulimi na ukucha, bila kutazama, nami nikadhani ni maringo ya ufundi. Halafu siku moja akaninyooshea karatasi akasema, "Mwanangu, hebu niangalizie hapa, taa yao hii mbovu." Taa ilikuwa nzima, na karatasi ameishika kichwa chini. Tangu siku hiyo nikawa namwangalizia namba, herufi ndogo, alama za penseli, na hakuna aliyejua ila sisi wawili.

Siku moja wakati wa chai akanieleza kwa nini anaficha. Mama yake mzazi alipofuka akiwa na umri kama wake, akawekwa chumba cha nyuma nyumbani kwa mwanawe wa kiume, kaka yake Mama Gundi. Chumba hakina dirisha. Chakula kililetwa kwenye bakuli la plastiki, kikawekwa sakafuni karibu na mlango, na aliyeleta hakusema kitu, kwa hiyo yule bibi alipapasa sakafu mpaka alifikie bakuli. Aliishi hivyo miaka tisa.

"Kaka ameshaniambia, siku nikichoka na kazi chumba kile kipo," akasema Mama Gundi. "Anasema kwa wema kabisa, na wifi yangu naye anaitikia. Mimi mwanangu bora nianguke hapahapa mezani na sindano yangu mkononi."

Nikamwambia haitafika huko. Siku ile nilikuwa namaanisha.

Ndipo akaja Mkaguzi. Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mtu wa suti ya rangi ya udongo na kalamu tatu mfukoni, na sauti ya mtu aliyezoea wengine wasimame anapoingia. Ameandika riwaya ya mizimu. Nasema riwaya kwa heshima tu, maana ule ulikuwa mzigo: kurasa mia tisa kasoro nne. Mtu mmoja anafiwa na mkewe, mke anarudi akiwa mzimu, na mzimu wenyewe haujui kunyamaza. Akataka nakala mia tano.

Alikuwa na masharti mawili. Kwanza, hakutaka namba za kurasa. "Wafu hawahesabu kurasa," alisema, na Msimamizi wetu, ambaye mteja akimwambia jua ni jeusi atauliza jeusi kiasi gani, akaitikia kwa kichwa. La pili ndilo lililotumaliza. Karatasi kubwa ikichapwa na kukunjwa inatoa kurasa kumi na sita, nasi tunaiita mkunjo. Kitabu kile kilikuwa na mikunjo hamsini na sita. Mgongoni mwa kila mkunjo mchapaji anaweka kidoa cheusi, kila kimoja chini kidogo ya mwenzake, ili kitabu kikishapangwa vidoa vishuke kama ngazi. Ngazi ikivunjika, umekosea. Hata mwenye macho nusu anaiona ngazi ile. Mkaguzi aliona vidoa kwenye karatasi za majaribio akasema tunamchafulia kazi. Vikafutwa vyote. Ikabaki namba moja chini ya ukurasa wa kwanza wa kila mkunjo, ndogo kama yai la chawa, ya kukatwa na kisu mwisho wa kazi.

Tukagawana, mia mbili na hamsini kwake, mia mbili na hamsini kwangu. Kazi inaanza kwa kupanga marundo hamsini na sita kwa mfuatano, kisha unazunguka meza na rafu ukiokota mkunjo mmoja mmoja. Ukikosea kupanga marundo, umekosea vitabu vyote.

Wiki hiyohiyo Msimamizi alikuwa amenivua nguo mbele ya wapiga chapa. Alichukua kitabu nilichojalidi mimi, akakibamiza mezani mpaka kikapasuka mgongo, akachukua cha Mama Gundi akakibamiza hivyohivyo, kikabaki kizima. "Jifunze kwa mzee," akaniambia, akatoka. Mama Gundi akainama, akaokota kile changu, akaanza kukifumua.

Kwa hiyo asubuhi ya kupanga marundo, alipokuja mezani kwangu akasema, "Mwanangu, niangalizie hizi namba, hizi zimenishinda kabisa," nilikuwa na jibu tayari.

"Nina kazi zangu, mama. Si wewe ndiye fundi?"

Akasimama kidogo, kama mtu anayedhani hakusikia vizuri. Kisha akarudi mezani kwake akaanza kupanga peke yake, kila mkunjo anausogeza mpaka puani. Nilimwona. Nilimwacha afanye hivyo asubuhi nzima.

Vitabu vikatoka, na kwa macho vilipendeza. Kila mjalidi pale ana muhuri wake mdogo, namba inayogongwa ndani ya jalada la nyuma, ili kitabu kikifumuka ijulikane wa kulaumiwa ni nani. Yeye alikuwa namba nne, mimi namba saba.

Miezi mitatu ikapita. Mkaguzi aliwagawia watu vitabu, akawaalika ukumbi wa maktaba Jumamosi mchana waje watoe maoni. Mwaliko ukafika na kiwandani, Msimamizi akanituma mimi kwa sababu, alisema, mimi ndiye mwenye nguo za heshima. Mama Gundi aliniomba kitu kimoja tu, nisikilize watu wanasemaje juu ya mshono.

Tulikuwa watu kama arobaini. Mkaguzi ameketi mbele, mikono juu ya magoti. Wa kwanza kusimama alikuwa mwalimu wa kike, mwembamba, kitabu amekikumbatia kwa mikono miwili kwa uzito wake.

"Nimekisoma chote," akasema, "na naomba nipongezwe kwa hilo."

Watu wakacheka. Mwalimu akaendelea kwamba mke anagombana na mumewe karibu nusu ya kitabu, anakufa, kisha anarudi na radi na moshi kama kila mtu alivyotegemea. "Mimi nilitamani afe mapema, tupumzike sote, yeye na sisi." Dereva mmoja mstaafu akasema yeye hana malalamiko, kitabu kimemtibu kukosa usingizi, alikuwa anameza kurasa mbili kila akipanda kitandani na hakuwahi kuhitaji ya tatu. Mkaguzi alikuwa anatabasamu, lakini shingo imemvimba.

Akasimama mwenye duka la dawa, mtu mpole.

"Sijui wenzangu mmesoma kitabu gani," akasema. "Mimi nimefika pale wanapomzika mke. Wanatupa udongo, watu wanatawanyika. Nafunua ukurasa, mke yuko jikoni anaosha vyombo, mumewe anamlalamikia chumvi imezidi. Hakuna anayeshtuka. Si mume, si majirani. Kurasa themanini yule marehemu anapika, anafua, wanagombana, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba amezikwa. Siku tatu sikuweza kumtazama mke wangu akiosha vyombo."

"Na sentensi inavyokatika pale kaburini," akadakia nesi mmoja aliyekaa nyuma. "Mchimbaji anasema, halafu neno halimaliziki. Nilikiweka kitabu chini nikaenda kuwahesabu wanangu."

"Hakuna kitu kama hicho," mwalimu akasema. "Mke anazikwa, radi inapiga, basi. Wewe baba umesoma au umeota?"

"Unaniita mwongo?"

"Nakuita msinziaji."

Ukumbi ukagawanyika papo hapo. Nusu wakasema hawajapata kuogopa hivyo tangu kuzaliwa, nusu wakasema hao wenzao hawakufungua kitabu, wamekuja kumpaka mzee mafuta. Watu wazima wakanyoosheana vidole. Mama mmoja alimwambia jirani yake wa miaka mingi kwamba sasa ameelewa kwa nini watoto wake wanafeli. Mimi nilikuwa namtazama Mkaguzi. Alijua hakuandika jambo hilo. Nililiona likimpita usoni, akalitafuna, akaona ni tamu, akalimeza. Kisha akanyanyua mkono.

"Kitabu kizuri," akasema, "kila mtu anakisoma kwa roho yake."

Wakampigia makofi pande zote mbili.

Nikajifanya nakagua mshono, nikapita nikifunua majalada ya nyuma. Mwalimu, saba. Dereva, saba. Mwenye duka la dawa, nne. Nesi, nne. Nikaazima kimoja cha kila namba, nikakaa pembeni, nikavilinganisha, nikihesabu mikunjo kwa kidole. Mkunjo wa ishirini na nane ulikuwa umekaa mahali pa ishirini na tatu, na ishirini na tatu mahali pa ishirini na nane. Tatu na nane tu. Kwa hiyo mke alizikwa kabla ya wakati wake, kisha akaendelea na maisha.

Nilipaswa kucheka. Badala yake nikavifunga vyote viwili. Mimi nilikuwa nimetoa vitabu mia mbili na hamsini bila kosa hata moja na watu wanavitumia kama dawa ya usingizi. Yeye alikuwa amekosea, na watu wanaamka wanahesabu watoto. Hata kukosea alikuwa amenishinda.

Jumatatu Mama Gundi akaniuliza, "Walisemaje juu ya mshono?"

"Hawakusema kitu," nikamjibu, na haukuwa uongo.

Alhamisi Mkaguzi akaja na furushi la barua. Alitaka nakala elfu moja zaidi. Akasimama katikati ya chumba chetu akatusomea barua kwa sauti, zile nzuri tu, na ile ya nesi akairudia mara mbili. Mama Gundi aliacha kushona. Aliweka mikono mapajani akasikiliza, na uso wake ukafunguka polepole. Miaka yote ile sidhani kama aliwahi kusikia kitabu alichojalidi kilifika wapi.

"Na mimi nilikuwa na mkono humo, baba," akasema.

"Sana, mama," Mkaguzi akamwambia. "Mshono wako ni wa daraja la kwanza. Chapa ya pili nataka uijalidi wewe peke yako."

Msimamizi akaitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia mimi, akasema kwa kuwa mezani hakutakuwa na kazi ya watu wawili, nitahamia kukunja maboksi ya lile duka la viatu. Alisema kama anaagiza chai.

Wakatoka kwenda ofisini. Mama Gundi akaniambia, "Usijali mwanangu, nitamwombea Msimamizi akurudishe." Maneno hayo ndiyo yaliyoninyanyua kwenye kiti. Nikawafuata, nikabisha hodi, nikafunga mlango nyuma yangu.

Nikasema yote. Mikunjo, vidoa vilivyofutwa, tatu na nane. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikasema na macho. Nilisema haoni, ana miaka miwili haoni. Sikusema nani alikuwa anamwangalizia miaka hiyo miwili, wala sikusema aliniomba nini asubuhi ya kupanga marundo. Msimamizi akaenda rafuni akaleta nakala ya namba nne. Mkaguzi nyumbani kwake alikuwa na namba saba, hajawahi kuifungua nyingine. Akaanza kusoma amesimama. Akakaa. Chai yake ikapoa mpaka ikaota ngozi juu. Nilikuwa nasubiri apige kelele, avunje kitu, na nakiri nilikuwa na hamu.

Akafunga kitabu taratibu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu, mzee."

"Basi iishie hapa hapa." Akafuta midomo kwa leso. "Hizo elfu moja zipangwe kama hiki. Na yule mama asiwepo."

Msimamizi, nashukuru kusema, aliuliza kwa nini.

"Kwa sababu mtu akizoea kusifiwa, siku moja atauliza anasifiwa kwa lipi," akasema Mkaguzi. "Nimekaa na mswada ule miaka kumi na moja. Siwezi kugawana na mama wa gundi."

Msimamizi akasema hawezi kumtoa mtu wa miaka thelathini na minne bila sababu. Kisha wote wawili wakanitazama, na sote tukakumbuka kwamba sababu nimeshaileta.

Ijumaa baada ya chai Msimamizi akatukusanya chumbani kwetu, na wapiga chapa nao wakaja, mikono imejaa wino. Akasema anapima macho ya wafanyakazi wote, ni kwa afya zetu. Alikuwa na karatasi moja yenye namba ndogo. Akaanza na mimi. Nikasoma zote bila kumeza mate.

Akampa Mama Gundi. Nilimwona akinitafuta kwa uso, mahali ambapo huwa nasimama, lakini nilikuwa nimesogea. Akaipeleka karatasi dirishani, akaisogeza mpaka puani.

"Nane," akasema. Ilikuwa tatu.

"Endelea."

"Na hii nane." Ilikuwa sita.

Msimamizi akaichukua karatasi, akaigeuza upande wa nyuma usio na kitu, akamrudishia. "Na hapa?"

Mama Gundi akaielekeza kwenye mwanga. Akaitazama muda mrefu, akiipapasa kwa kidole gumba. "Hii," akasema, "nadhani ni moja."

Wapiga chapa wakacheka. Na mimi nilicheka, si kwa sauti, lakini nilicheka. Yeye aliposikia watu wanacheka akatabasamu naye kidogo, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuharibu mazungumzo.

Kisha Msimamizi akamwambia. Macho yake yameharibu kazi ya mteja, mikunjo imepishana, vitabu vyake vyote vina kosa. Mteja ana huruma, hadai fidia, anachotaka ni yeye apumzike.

"Vyote?" akauliza Mama Gundi.

"Vyote mia mbili na hamsini."

Akapapasa kiti akakaa. "Jana alinisifia," akasema.

"Jana alikuwa hajaona."

Hakulia. Akaomba aruhusiwe kumaliza kitabu kilichokuwa mezani, daftari la mahudhurio la shule fulani. Msimamizi akamruhusu, lakini wapiga chapa walipoondoka nilimwona Msimamizi huyohuyo akikichukua na kukiweka kwenye rundo langu.

Jumamosi adhuhuri kaka yake akaja kumchukua na pikapu. Kitanda, godoro na redio vilikuwa vimeshapakiwa. Upande wetu hapakuwa na nafasi ya kuegesha, akasimamisha ng'ambo ya barabara, akabaki kwenye usukani. Msimamizi akaniambia nimvushe mzee, asije akagongwa mbele ya kiwanda tukapata kesi.

Akanishika juu ya kiwiko. Mkono wake ulikuwa mkavu, vidole vigumu kwa sindano. Tukasimama ukingoni tukisubiri magari yapungue. Siku hiyo yalikuwa mengi.

"Wifi amesafisha chumba tayari," akasema. "Kaka anasema wamepaka na rangi. Sasa rangi ya nini, mwanangu?"

Nikachungulia magari upande wa pili.

"Nimewaza sana nani aliniona. Labda yule wa mashine ndogo, anapenda kuchungulia." Akanibana kiwiko. "Wewe ulinifichia miaka miwili. Hata binti yangu nisingemwamini hivyo. Mungu akulipe."

"Amina, mama."

Basi kubwa likapita, likatupulizia moshi. Akasubiri lipite kabisa.

"Nikuulize kitu, usinifiche. Kile kitabu cha watu nilikiharibu sana? Maana kule nitakuwa na muda wa kuwaza, na kazi yangu ya mwisho ikiwa imemuumiza mtu, sitapata pa kuliweka jambo hilo."

Maneno ya yule mwenye duka la dawa niliyajua kwa moyo, neno kwa neno. Ya nesi pia. Hapakuwa na wa kutusikia. Mkaguzi alikuwa kwake, Msimamizi ndani, na kaka mtu ng'ambo amepandisha kioo. Ilihitajika sentensi moja. Nikaiwaza ikiingia naye mule chumbani, ikikaa naye asubuhi na jioni, miaka tisa au kumi, yeye ameegemea ukuta anajua kuna watu walishindwa kulala kwa kazi ya mikono yake. Nikawaza na mimi nitakuwa na nini siku yangu ikifika, mimi ambaye sikuharibu kitu. Nikaona inaniuma kumpa.

"Kiliharibika, mama," nikamwambia. "Watu walikirudisha."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Nilijua," akasema. "Zile namba zilinishinda, na sikutaka kukusumbua tena."

Njia ikawa nyeupe. Nikamvusha, nikafungua mlango wa gari, nikamshikia kichwa asigonge juu. Kaka yake akanisalimia, akawasha gari. Mama Gundi akatoa mikono dirishani, akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Akaniomba nimfikishie Mkaguzi kwamba anamwomba radhi.

Nikamwambia nitamfikishia.